Ngoja Ngoja Huumiza Matumbo ya Nani?

Jumamosi moja ya Machi, baada ya kufungwa manne kwa nunge, kocha wetu aliinama katikati ya uwanja akaanza kuokota fulana za mazoezi moja moja, kama mtu anayeanua nguo mawingu yakijikusanya. Hakuna mchezaji aliyemsaidia. Enzi zetu tulikuwa tunagombania hiyo kazi, maana aliyebeba fulana na wavu wa mipira hadi kwake alijua kuna chai na mkate. Siku hiyo vijana walivua njumu, wakazining'iniza begani, wakashika njia. Ilikuwa mechi ya saba mfululizo kupoteza.

Uwanja wetu uko Theta. Ukitoka Thika Road unaingia ndani kwa boda, upande ambao mashamba ya kahawa yamekatwakatwa kuwa ploti za hamsini kwa mia. Nyasi ziko upande wa goli moja tu. Upande wa pili ni vumbi. Hatuna bodi, hatuna mdhamini, hatuna mwandishi wa habari wa kuuliza maswali magumu baada ya mechi. Kwa hivyo swali gumu liliulizwa kwenye kibanda cha chapati kando ya barabara. Walikuwepo wazazi wawili watatu, pamoja na sisi tuliowahi kuichezea timu.

"Lazima mtu amwambie."

"Amwambie nini sasa?"

"Si kwamba imetosha. Apumzike. Miaka kumi na tisa si mchezo."

Kukawa kimya. Halafu nikaona macho yote yamenigeukia.

"Wewe ndiye alikulea. Atakusikiza."

Nilipewa wiki moja. Haya ninayoyaandika ndiyo yaliyonizunguka kichwani wiki hiyo, kazini na kwenye matatu, kabla sijabisha mlango wake.

Nilianza na methali, kwa sababu ndizo tulizofundishwa kuanza nazo. Mvumilivu hula mbivu. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwalimu wetu wa Kiswahili shule ya msingi alituonya tusiziweke zote mbili kwenye insha moja, maana ya pili inaibomoa ya kwanza na utapoteza alama. Chagua moja kulingana na mada, alisema. Sasa hapa nilikuwa na mtu mmoja, timu moja, na methali zote mbili zilikuwa kweli. Kocha huyu ni mvumilivu. Bila uvumilivu wake timu ingekufa zamani. Na kocha huyu anangojangoja, na kungoja kwake kunaumiza. Uvumilivu unageuka ngoja ngoja saa ngapi? Kuna dakika ambayo mtu anaweza kuiona kwenye saa na kusema, hapa ndipo?

Kila asubuhi matatu ninayopanda Ruiru huwa imefungulia Radio Jambo, na kwa miaka mingi sauti mojawapo humo imekuwa ya Jacob Mulee, tunayemwita Ghost. Wadogo zetu wengi wanamjua kama mtangazaji tu, yule wa Gidi na Ghost, na ile Patanisho ambapo watu hupiga simu wakitaka kurudiana na wapenzi wao. Lakini Ghost ndiye aliyeipeleka Harambee Stars kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Tunisia mwaka 2004. Tulifungwa na Mali 3-1, tukafungwa na Senegal 3-0, halafu tukaichapa Burkina Faso 3-0. Huo ulikuwa ushindi wetu wa kwanza kabisa kwenye mashindano hayo. Kati ya 1992 na 2019 tulifika huko mara hiyo moja tu. Mtu mwenye kumbukumbu kama hiyo angeweza kukaa nayo nyumbani, aionjeonje polepole hadi uzeeni.

Lakini aliitwa tena, si mara moja, na akaitika. Mara ya mwisho ilikuwa Oktoba 2020, baada ya Francis Kimanzi kuondoka. Hatukufuzu kwenda Cameroon. Septemba 2021 tulianza safari ya Kombe la Dunia kwa sare ya bila kwa bila na Uganda, kisha sare ya moja kwa moja na Rwanda. Siku chache baadaye shirikisho likatangaza kwamba wameachana kwa makubaliano ya pande zote mbili. Hayo ni maneno ambayo hayakuambii nani alisukuma na nani alisukumwa. Akaja Engin Firat, na mechi yake ya kwanza, Oktoba, Mali ikatupiga tano bila jibu.

Nilikumbuka kisa hicho kwa sababu mbili. Kwanza, kinaonyesha kwamba kuondoka kwa kocha si dawa ya kumeza asubuhi ukapona jioni. Sare mbili ziligeuka kipigo cha tano. Kama ningeenda kwa kocha wetu na hoja ya matokeo peke yake, angeniuliza, na angekuwa na haki: una uhakika gani kwamba nikitoka mtaanza kushinda? Sina. Thika United ilishuka kutoka ligi kuu mwaka 2018, na mji wa Thika ukakaa bila timu yake huko hadi Bidco United ilipopanda mwaka 2020. Ukiangalia jedwali tu huwezi kujua timu ilishuka kwa sababu ya kocha, pesa, majeraha au wachezaji waliouzwa. Jedwali linakuambia umeanguka. Halikuambii nani alikuangusha.

Pili, Ghost alikuwa na kipaza sauti kinachomngoja. Siku alipotoka kwenye benchi bado alikuwa mtu, tena mtu anayesikika asubuhi nchi nzima. Hilo lilinifanya nijiulize kocha wetu akitoka uwanjani Jumamosi saa kumi na moja, anaenda kuwa nani.

Makocha wa kulipwa wana sababu moja ya kutojiuzulu ambayo haina falsafa yoyote ndani yake. Ukifutwa kabla ya mkataba kuisha, unaweza kudai fidia. Ukiondoka mwenyewe, mara nyingi unaondoka na begi lako tu. Adel Amrouche alifutwa na Kenya mwaka 2014 baada ya Lesotho kututoa kwenye safari ya AFCON. Kesi yake ilifika hadi mahakama ya michezo ya kimataifa, na shirikisho likaamriwa kulipa mamilioni. Sasa ukiwa kocha na unajua hivyo, dhamiri ikikuambia ondoka, wakili atakuambia subiri. Wapo pia walioondoka kwa sababu ya kutolipwa. Micho Sredojević aliachana na Uganda Julai 2017 akidai mishahara, miezi michache baada ya kuipeleka Cranes AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1978. Firat naye aliacha Stars Desemba 2024 akilalamikia malipo na mkataba. Hao sina neno nao. Mtu asipolipwa, kuondoka ni hesabu tu.

Kocha wetu hana mkataba. Hajawahi kulipwa hata shilingi. Yeye ndiye amekuwa akilipa: mipira, chokaa ya kuchora uwanja, nauli ya mechi za ugenini, wakati mwingine karo ya mtoto wa watu. Na hapo ndipo swali linakuwa gumu zaidi kuliko la Harambee Stars. Mfanyakazi unaweza kumwambia kazi imekushinda. Mtu anayekupa zawadi kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa unamwambiaje kwamba zawadi yake imeanza kuumiza?

Pale kibandani mzee mmoja alikuwa ametukumbusha habari ya Ferguson. Lazima kuna mtu atamtaja Ferguson; ni kama sheria ya vibanda. Alifika Manchester United Novemba 1986 na hakuchukua ligi hadi 1993. "Wangemfukuza mapema je?" mzee aliuliza, na wote tukanyamaza kama tuliokanyagwa. Nilipofika nyumbani ndipo nikaona kasoro. Ferguson tunamjua kwa sababu alifaulu. Makocha waliosubiriwa miaka saba na mwaka wa nane wakawa vilevile hatuwajui, na hakuna kibanda kinachowataja. Ukitumia Ferguson kama hoja, kila kocha anayeshindwa ni Ferguson ambaye hajafika 1993, na hakuna siku utakayoweza kusema imetosha.

Jumatano nilimkuta kipa wetu kwenye steji ya boda. Alikuwa hajaja mazoezini wiki tatu. Nilidhani ameumia. Alikuwa amevaa reflekta, anangoja abiria.

"Mimi simchukii kocha," aliniambia kabla hata sijauliza. "Ni mtu poa sana. Lakini niko na miaka kumi na nane, na kila siku ananiambia tuwe na subira."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimelibeba hilo neno. Nikaziangalia zile methali mbili upya. Mvumilivu hula mbivu: anayevumilia ni mmoja, na anayekula ni yeye yule. Methali hiyo ni sawa kabisa mtu akivumilia kwa mali yake, kwa muda wake, kwa tumbo lake. Ngoja ngoja huumiza matumbo: hapa hawakusema tumbo la anayengoja. Wamesema matumbo tu, mengi, bila mwenyewe. Inawezekana kabisa mtu mmoja angoje na matumbo ya wengine ndiyo yaume.

Nafikiri jibu liko hapo, au angalau ndilo nililolipata. Uvumilivu unageuka ngoja ngoja pale ambapo gharama yake imehamia kwa watu wengine, na wewe bado unaihesabu kama yako. Idadi ya mechi ulizopoteza haikuonyeshi hilo. Kocha anaweza kupoteza mechi kumi na vijana bado wanakua, bado wanajifunza kusimama, bado wanagombania kubeba mipira. Huyo akae. Mwingine anaweza kuwa anashinda kwa kuwachezesha watoto wakiwa na majeraha. Huyo aondoke hata akiwa na kombe mkononi. Swali la kujiuliza kila mwisho wa msimu ni hili: tumaini langu, nani analilipia?

Tena bei haiko sawa kwa wote. Msimu mmoja kwa mtu wa miaka hamsini na tano ni msimu mmoja kati ya mingi. Ukiharibika, kuna mwakani. Kwa kijana wa miaka kumi na nane anayetaka kuonekana na timu ya daraja la juu, huo unaweza kuwa msimu wake wote. Mwakani atakuwa na boda ya kulipia. Kocha akisema tuwe na subira anadhani anagawa kitu ambacho wote wanacho sawa. Kumbe yeye ana gunia na wenzake wana kikombe.

Hapa kuna mtu atasema: basi kocha mwenye hekima angeliona hilo mwenyewe. Mimi pia nilikuwa na hasira kidogo naye kwa sababu hiyo. Haoni? Lakini ngoja niulize, nani anayeona? Wenger alikaa Arsenal kuanzia 1996 hadi 2018, mtu msomi, na miaka ya mwisho mashabiki walikuwa wakimshikia mabango. Klopp alitangaza Januari 2024 kwamba ataondoka Liverpool kwa sababu nguvu zinamwishia, na dunia ikashangaa. Mtu akijua wakati wake tunashangaa, kwa hiyo ni jambo adimu. Na kama ni adimu hata kwa watu hao, kwa nini tunamdai mzee wa Theta kana kwamba ni adabu ya kawaida?

Waliotutangulia katika ardhi hii hawakumwachia mtu mmoja mzigo huo. Agikuyu walikuwa na ituika. Vizazi viwili, Maina na Mwangi, vilipokezana uongozi, na baada ya miaka kama thelathini kilichokuwa kimeshika kilikabidhi kwa sherehe kubwa na malipo ya mbuzi. Hakuna aliyesubiri mzee aamke asubuhi na kugundua kwamba amechoka. Wakati wenyewe ulikuwa unakuja, watu wanauona ukija, na anayetoka alikuwa na mahali pa kuketi baada ya kutoka. Jomo Kenyatta, mtoto wa Gatundu, hapa karibu kabisa na kwetu, aliandika kuhusu desturi hiyo katika Facing Mount Kenya mwaka 1938, akaeleza jinsi serikali ya kikoloni ilivyoizuia miaka ya 1920. Halafu mwandishi huyo huyo akakaa kiti cha urais hadi alipofariki mwaka 1978. Simcheki. Nadhani ni ushahidi kwamba kuijua desturi hakutoshi. Lazima kuwe na watu wanaokuja kwako wakati ukifika.

Tanzania wana neno ambalo sisi hatulitumii sana: kung'atuka. Nyerere alilitoa kwenye lugha yake ya Kizanaki, akalitumia alipomwachia Ali Hassan Mwinyi urais mwaka 1985. Sikiliza tofauti yake na kujiuzulu. Anayejiuzulu ameshindwa, au kuna kashfa inamfuata. Anayestaafu amefikisha umri, karatasi imemwambia. Anayeng'atuka amewapisha wengine, na bado ni mzee wa watu. Hata Nyerere hakutoka siku moja. Aliendelea kuwa mwenyekiti wa chama hadi 1990, na watu bado wanabishana kama hiyo ilikuwa busara au mguu mlangoni. Lakini angalau lilikuwepo neno la kumwita mtu aliyetoka bila kumvua heshima. Sisi mtaani tuna maneno mawili tu, "alifukuzwa" na "alichoka". Ukiwa na hayo mawili peke yake, wewe ungechagua lipi? Ungebaki tu.

Alhamisi jioni nilibisha mlango wake.

"Sita!" akaniita. Hiyo ndiyo jezi niliyovaa nikiwa na miaka kumi na tano, na hajawahi kutumia jina langu tangu wakati huo. Alikuwa ameketi kwenye stuli, wavu wa mipira umefunguliwa sakafuni, anapiga pampu mmoja baada ya mwingine. Mipira kumi na mmoja, minne tu ndiyo mizuri. Nilikunywa chai. Nikala mkate. Niliongea kuhusu mvua, kuhusu kazi, hadi yeye mwenyewe akaweka pampu chini.

"Umetumwa uniambie niache."

"Ndiyo, Kocha."

"Kwa sababu ya zile mechi saba?"

Nilimwambia hapana. Nikamweleza kuhusu kipa, na steji, na kile alichoniambia. Sikulainisha. Aliangalia mipira muda mrefu. Nilidhani atakasirika, na nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira. Sikuwa nimejitayarisha kwa swali aliloniuliza.

"Na nikiacha, hii mipira itakaa kwa nani?"

Mwanzoni nilidhani anakwepa. Kisha akaendelea, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayesoma orodha ya duka. Nani anaandika barua kwa chifu ya kuomba uwanja? Nani anajua yule beki wa kushoto ana pumu? Mvulana akikosa mazoezi mara mbili, nani anampigia mama yake? Alitoa kaunta buku kutoka juu ya kabati. Majina ya kila kijana tangu mwanzo, kwa kalamu, mengine yamefifia. Jina langu limo.

Sikuwa na jibu. Wiki nzima nilikuwa nimefikiria haki na wakati na gharama, na sikuwa nimefikiria mipira. Pale kibandani tulikuwa watu tisa tuliokubaliana kwamba aondoke, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amesema, nitapokea mimi. Tulikuwa tumetaka ituika bila kizazi cha pili. Nikaona kwamba sehemu ya ule ukaidi tuliokuwa tukimlaumu nao ilikuwa yetu. Alikuwa ameshikilia kwa sababu akifungua mkono, kitu kingeanguka chini. Hilo halifuti deni la kipa. Bado alipaswa kuondoka. Lakini anayemwambia mtu ashuke mzigo lazima awe amesimama karibu, mikono mbele.

"Nipe hadi mwisho wa msimu," alisema. "Na mkabidhiane hadharani. Sitaki kutoka kama mwizi."

Mechi tano zilikuwa zimebaki. Tulishinda moja. Jumamosi ya mwisho aliikabidhi kaunta buku mbele ya watu kwa mmoja wetu aliyesomea ukocha, wazazi wakachanga soda, na mzee wa Ferguson akatoa hotuba ndefu kuliko kipindi cha kwanza. Siku hizi kocha huja na stuli yake, akaketi upande wa vumbi, na hapigi kelele. Tunajua ni kazi ngumu kwake kutopiga kelele.

Kipa hajarudi. Nimemfuata mara mbili. Ananisalimia vizuri, ananibeba hadi stage kwa bei ya rafiki, lakini ule mwaka umekwenda na siwezi kumrudishia.

Mipira iko kwangu, chini ya kitanda. Kila Alhamisi naipiga pampu. Juzi niliwaambia vijana wawili kwamba siku wakiona nimeanza kuchelewa, au naongea kuhusu subira kila wakati, waje waniambie mapema, na waje na mahali pa kuiweka. Walicheka. Sikuwa natania.